Mstari Mmoja wa Mtama

Kila Januari jirani yangu Gabaake huzaliwa upya, na kila Februari tunamzika. Nasema hivyo kwa mapenzi. Kati ya ua wake na wangu kuna safu moja tu ya minyaa, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuna kilichopikwa, kilichovunjika wala kilichosemwa upande ule ambacho sikukijua, naye vivyo hivyo kwangu.

Mwaka mmoja aliapa kuacha ugoro. Tarehe tisa nilimkuta nyuma ya zizi la mbuzi, machozi yanamtoka, anapiga chafya ya sita. "Vumbi hili, Mama Thuso," akaniambia. Mwaka uliofuata aliapa kuondoa kitambi kwa kukimbia hadi kilimani kila alfajiri. Alinunua viatu vyeupe, akakimbia siku tatu, na siku ya nne mbwa wake akaenda peke yake. Mwaka mwingine akaapa kusoma Biblia yote, na mpaka leo utepe wake umelala katika Mambo ya Walawi. Gabaake si mvivu, nisimsingizie. Shida yake ni kwamba alipenda nadhiri kubwa, za kusemwa mbele za watu kwa sauti, na nadhiri kubwa ni kama gunia lililojaa: kulisifu ni rahisi kuliko kulibeba.

Nyumbani kwake kuna desturi. Asubuhi ya Januari mosi, baada ya sala, wote hukaa uani kwenye ukuta mfupi wa udongo, wanakunywa tangawizi iliyobaki Krismasi, na kila mtu anasema mwaka huu anaacha nini na anaanza nini. Mimi ni mjane na wanangu wako migodini, kwa hiyo huwa nahesabiwa humo. Ninayotaka kuyasimulia ni ya mwaka ule ambao Gofaone, mtoto wao wa pekee, alikuja na neno moyoni.

Gofaone ni karani wa posta huko Francistown. Ameolewa na Tiro, fundi wa umeme mgodini, kijana mtaratibu ambaye Krismasi nyingi humkuta kazini. Mwaka ule binti alishuka peke yake tarehe ishirini na tatu, mashavu yameingia ndani, na kabla hajavua viatu alikuja kukaa nasi jikoni, mimi na mama yake, akaniambia mimi kile ambacho mama yake alikijua tayari. Mwezi wa sita mimba yake ya miezi mitano ilikuwa imetoka. Baba yake hakujua hata kama mimba ilikuwepo.

Kwetu mambo hayo ni ya wanawake. Mtoto ambaye hakulia hatangazwi, hawekewi matanga, na mwanamume huambiwa kwa kuzungushiwa maneno mpaka mwenyewe achoke kuuliza. Mama Gofaone akajitolea kulifikisha neno kwa njia hiyo. Binti akakataa.

"Nikimwambia kupitia kwako, mama, atanipa pole kupitia kwako," alisema. "Nataka nimwambie mwenyewe. Ni baba yangu. Kila nikija ananiuliza mjukuu mbele za watu, nami nacheka. Sasa nisikilizeni. Tarehe tatu naondoka. Nikiondoka sijamwambia, Krismasi ijayo msinitandikie kitanda. Siwezi tena kukaa hapa nacheka."

Hakuwa anatishia. Gofaone si mtu wa vitisho, na ndiyo maana mama yake aliacha kukoroga chungu akabaki ameshika mwiko.

Utasema, si amwambie tu? Humjui Gabaake.

Gabaake ni mzee wa baraza la kata yetu, kgotla kama tunavyoliita, na huko watu wamempa jina la Masikio. Barazani kwetu neno la mtu halikatizwi. Awe tajiri, awe mlevi, awe hana akili timamu, atasimama na atasema mpaka atosheke, na wazee watakaa kwenye viti vyao wakimsikiliza. Na katika wazee wote hakuna anayemfikia Gabaake. Nimemwona akisikiliza kesi ya mbuzi mmoja tangu saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri bila hata kukohoa. Watu wa kata nyingine huomba kesi zao ziletwe kwake.

Akivuka lango la nyumbani, masikio anayaacha nje. Ndani ya ua wake humalizia watu maneno yao. Ukisema umetoka dukani, ameshakuambia ulichonunua, bei yake na jinsi ulivyopunjwa. Mkewe aliacha kumaliza sentensi tangu Gofaone akiwa darasa la tatu. Husema nusu, mumewe humalizia vibaya, na yeye huendelea na kazi zake. Nimeona ndoa mbovu kuliko hiyo, lakini kwa mtoto ni jambo jingine.

Siku ya Krismasi nilishuhudia kwa macho yangu. Tulikuwa tumekula nyama ya kupondwa na ugali wa mtama uliochachuka vizuri, tumeshiba, kuna upepo. Gofaone akasogeza kigoda karibu na baba yake.

"Baba, mwaka huu mimi na Tiro..."

"Mmenunua gari!" Gabaake akajipiga paja. "Nilijua! Nilimwambia mama yako, wale watoto wana gari, wanatuficha tu."

"Hapana, baba. Nilitaka kukuambia kwamba mwezi wa sita..."

"Kiwanja basi. Mwezi wa sita ndio waliogawa viwanja huko kwenu. Mmepata? Upande gani? Msikubali upande wa mtoni, mwanangu. Udongo mweusi ule, nyumba inapasuka hata hujahamia."

"Si kiwanja, baba."

"Kama si gari na si kiwanja, basi ni mjukuu! Mama Gofaone, njoo usikie! Haya sema, lini? Lini? Mwenzenu nazeeka hapa, wazee wenzangu wote wanaendeshwa kama farasi na wajukuu zao!"

Gofaone akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda. Akasema anakwenda kuangalia masufuria, na masufuria yote yalikuwa yameshaoshwa.

Nilitamani kumchapa Gabaake kwa mwiko. Nasema kweli tupu.

Siku ya mwisho ya Desemba mkewe alimkalisha. Mimi nilikuwa upande wangu wa minyaa nachambua kunde, na sikuona sababu ya kuhama.

"Baba Gofaone," mkewe alisema, "mwanao ana neno lake na wewe."

"Mbona hasemi? Kazuiwa na nani?"

"Na wewe."

"Mimi? Mimi ninayesikiliza kata nzima?"

"Kata nzima hukuizaa. Nakuambia hili mara moja, maana mara ya pili utakuwa umeshanimalizia. Ukimkatiza tena mtoto huyu, ataondoka na neno lake, na Krismasi ijayo tutakula wawili, mimi na wewe, tunatazamana."

"Neno gani? Anaumwa? Tiro kamfanya..."

"Unaona?"

Nilichungulia. Gabaake alikuwa amekaa tu, anazungusha kibuyu cha ugoro mkononi bila kukifungua.

Kesho yake, Januari mosi, tukakaa ukutani kama kawaida. Mkewe alisema mwaka huu atapanda maua mbele ya nyumba, maana kila mwaka anapanda bamia. Mimi nilisema nitatengeneza mlango wa choo changu kabla haujamwangukia mtu. Gofaone alisema atafikiria. Kisha Gabaake akasimama. Alikuwa amevaa koti kwenye joto lile.

"Mwaka huu," akatangaza, "mimi Gabaake nitakuwa msikilizaji ndani ya nyumba yangu. Kila mtu, kila siku, mwaka mzima. Sitamkatiza mtu."

"Amina," nikasema.

"Hiyo kubwa, baba Gofaone," mkewe akasema. "Utaiangusha kabla..."

"Siangushi! Nimeshasema, nimesema!"

Hata Gofaone alicheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu aje. Gabaake mwenyewe akaona alichofanya, akashika mdomo. Kama mambo yangeishia pale, asubuhi ingekuwa njema.

Lakini mtu akishatangaza jambo kubwa hutaka lionekane. Gabaake akaingia ndani, akatoka amebeba kiti chake cha baraza, kile cha miguu mifupi kilichosukwa kwa mikanda ya ngozi, na kofia ameshaivaa. Akakiweka kiti katikati ya ua, akakaa wima, akasimamisha fimbo kati ya magoti. Mimi na mkewe tukatazamana.

"Gofaone, mwanangu, njoo mbele," akasema kwa sauti yake ya barazani, ile nzito. "Simama hapo. Nyie mama zake kaeni pale muwe mashahidi. Haya. Neno lako tunalipokea. Sema mpaka utosheke, hakuna atakayekukatiza."

Maskini Gabaake. Alidhani anampa binti yake kitu bora kuliko vyote alivyo navyo, na kusema haki, ndicho kitu chake bora. Hakukumbuka tu kwamba wanaosimama mbele ya kiti kile ni wenye kesi. Gofaone alisimama pale kwenye udongo uliofagiwa, mikono ameikutanisha mbele, kama mtu aliyekamatwa na ng'ombe wa watu. Akafungua kinywa. Akamtazama baba yake, uso umekazwa, macho hayapepesi. Kuku akapita katikati yao taratibu, na hakuna aliyemfukuza.

"Sina kesi, baba," Gofaone akasema.

Akaingia chumbani kwake. Mlango hakuubamiza, aliurudisha polepole, na mama yake akainuka akamfuata.

Gabaake alibaki kitini. "Lakini sikumkatiza," akaniambia. "Umeona mwenyewe, Mama Thuso. Sikusema hata neno moja."

"Nimeona," nikamjibu, nikaenda kwangu. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namhurumia, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja tumboni mtu hawezi kuongea vizuri.

Mchana akaja kwangu. Kwa kawaida tunazungumza juu ya minyaa, kwa hiyo nilipomwona anapita langoni nilijua si salamu. Nilikuwa nakaanga maandazi ya kesho, maana tulikuwa tumekubaliana kwenda kupalilia shamba lao. Leo wanisaidie, kesho niwasaidie, ndivyo tunavyolima. Akageuza kinu changu, akakikalia.

"Mama Thuso, kosa langu nini?"

"Ukitaka nikujibu, itabidi nimalize."

Akainamisha kichwa.

"Barazani unasikiliza vizuri kwa sababu mbuzi si wako," nikasema. "Ashinde huyu, ashindwe yule, wewe jioni unarudi kwako unakula. Nyumbani mbuzi ni wako. Ndiyo maana."

Nilingoja abishe. Akachukua andazi, akalishika bila kulila, mafuta yakawa yanamchuruzika vidoleni.

"Nimekaa barazani miaka ishirini," akasema baadaye. "Macho ya mtu mwenye habari mbaya nayajua. Siku ile ya Krismasi mtoto aliponisogelea, niliyaona. Barazani nikiyaona najua nitaweza. Kwa Gofaone mdomo wangu unakimbia wenyewe. Nasema gari, nasema kiwanja. Naona kama nikiendelea kusema mimi, halitasemwa." Akafuta vidole kwenye suruali. "Naogopa, Mama Thuso. Ndiyo hivyo. Naogopa."

Miaka thelathini na mmoja, sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, hata siku aliyogongwa na fahali. Hasira yangu yote ikaisha. Nikamsogezea sahani.

"Basi punguza nadhiri," nikamwambia. "Mwaka mzima huwezi."

"Mwezi."

"Ugoro uliuacha siku ngapi?"

"Wiki basi."

"Na vile viatu?"

Akakuna kidevu. "Siku moja. Kesho tu. Kesho naweza."

"Kesho tangu alfajiri mpaka jua lizame, usimkatize mtu? Wewe?"

"Sasa unanidharau, mama."

"Nakupima. Ukipimiwa nguo utasema umedharauliwa?"

Akacheka kidogo, akaliuma lile andazi. Akawa anatafuna na kutazama mbali, kule ambako shamba liko. Nilimwacha. Nilikaanga maandazi sita kabla hajasema tena.

"Mstari mmoja," akasema.

"Mstari upi?"

"Wa mtama. Kesho tunapalilia. Nikishaingia kwenye mstari, mtu akisema na mimi, sijibu mpaka nifike mwisho. Mikono inalima, mdomo umefungwa. Mwisho wa mstari ndipo nijibu. Hatua mia moja hivi. Hiyo naiweza."

"Mmoja tu?"

"Mmoja. Ukiisha naanza mwingine."

Hapo nikamwamini kwa mara ya kwanza. Hakusimama, hakuvaa koti, na aliporudi kwake hakumwambia mtu.

Januari mbili tukaondoka na gari la punda kukiwa na ubaridi bado. Mama Gofaone alikumbatia chungu, mimi maandazi, na Gofaone alikaa nyuma miguu inaning'inia, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mtoto na baba yake akimwimbia punda. Safari nzima Gabaake alimsemesha punda tu. Mkewe akanikonyeza, kwamba huyu ana nini leo. Nikainua mabega.

Mvua ya wiki ya Krismasi ilikuwa imefanya kazi. Mtama ulifika magotini na magugu yalikuwa yanaufukuzia. Mkewe akabaki kibandani kuwasha moto. Sisi watatu tukaingia: Gabaake mstari wa kushoto, Gofaone katikati, mimi kulia.

Mstari wa kwanza ulikuwa aibu. Hatujafika hatua kumi Gofaone akasema, "Baba, mtama wa mwaka huu..."

"Umechelewa, najua! Trekta lile, nilimwambia yule bwana tangu Novemba..." Akasimama. Nilikohoa. Akajipiga mdomo kwa nyuma ya kiganja. "Endelea, mwanangu. Ulikuwa unasema."

"Nilitaka kusema umependeza."

Tukalima hadi mwisho kimya. Tulipogeuka Gabaake akaninong'oneza, "Ule hauhesabiwi."

"Ndiyo," nikasema. "Anza mwingine."

Mstari wa pili Gofaone alitaja mambo madogo, kwamba Tiro amebadilishiwa zamu, kwamba mvua ikinyesha bati la nyumba yao linawanyima usingizi. Niliona shingo ya Gabaake ikijaa mishipa. Alikuwa na la kusema kuhusu bati. Aliezeka mabati nusu ya kijiji hiki ujanani. Akalima. Jembe lake lilikuwa linapiga ardhi kama ardhi imemkosea. Tulipofika kwenye boma la miiba akajinyoosha, akavuta pumzi na kusema, "Mwambie Tiro namsalimia. Na hilo bati nitakuja kuliona mwenyewe."

Gofaone alimtazama. Akanitazama na mimi. Nikajifanya naangalia gugu.

Tukaingia mstari wa tatu. Jua lilikuwa limeanza kuuma mgongoni. Tulikuwa tumefika kama theluthi ya njia, na mimi nilikuwa nimebaki nyuma yao hatua mbili tatu, Gofaone aliposema.

"Baba."

Jembe la Gabaake likaendelea.

"Mwezi wa sita nilikuwa na mimba. Ya miezi mitano. Ikatoka."

Jembe likakosea, likakata shina la mtama. Gabaake ni mtu ambaye shina moja likikatwa utalisikia mpaka mavuno. Halikumshughulisha. Alisimama kidogo, ameinama vile vile, kisha akaendelea kulima, polepole zaidi.

"Alikuwa wa kike," Gofaone akasema. Yeye pia alikuwa analima, anasema na ardhi. "Nilimwona. Alikuwa na vidole vyote. Tiro alikuwa zamu, alipofika walikuwa wameshamchukua. Watu kazini waliniambia nitapata mwingine. Mama wa Tiro akasema tusitaje, ni mkosi. Basi sikutaja. Nikarudi kazini nikawa napiga mihuri kwenye barua za watu." Akang'oa gugu kwa mkono, akalitupa. "Sitaki dawa, baba. Sitaki maombi. Sikuambii ili ufanye chochote. Nataka ujue tu kwamba alikuwepo."

Mstari ulikuwa umebaki hatua kama hamsini. Najua shamba lile, nimelipalilia mara nyingi, na sijawahi kuona hatua hamsini ndefu vile. Nilikuwa najua kila kitu ambacho Gabaake angeweza kukisema, na nilikiogopa kimoja kimoja: kazi ya Mungu haina makosa, bado wewe kijana, kuna mzee mmoja anatibu mambo hayo. Midomo yake ilikuwa inatembea. Mara mbili alivuta pumzi ya mtu anayeanza kusema, na mara mbili aliishusha pamoja na jembe. Mwishoni alikuwa anapalilia mahali ambapo hapakuwa na gugu hata moja. Machozi yalikuwa yanamdondoka puani na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye mpini.

Akafika kwenye boma la miiba. Gofaone naye akafika. Alisimama ameinamisha uso, mabega ameyapandisha, kama mtu anayengoja kumwagiwa maji.

"Mwezi wa sita tarehe ngapi?" Gabaake akauliza. Sauti yake haikuwa ile ya barazani.

"Kumi na tatu."

Akatulia anahesabu. "Mimi nilikupigia simu mwezi wa sita. Siku waliyombatiza mjukuu wa mzee Ramokone."

"Ndiyo, baba. Ilikuwa siku ya pili yake. Nilikuwa bado hospitali."

"Nikakuuliza wangu yuko wapi."

"Ndiyo."

"Nikasema mengi siku ile. Nilikuwa nimefurahi. Halafu nikakugombeza. Nikasema siku hizi nikikupigia unaninyamazia."

Gofaone akainua uso. Hakuwa na hasira, na nafikiri ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Sikukunyamazia, baba. Nilikuwa nasubiri umalize."

Gabaake akalilaza jembe chini. Akavua kofia. Akakaa pale pale kwenye udongo mbichi, mzee mzima, miguu ameinyoosha mbele, akapapasa ardhi kando yake ili binti yake akae.

"Nimemaliza," akasema.

Gofaone akakaa, akaanza kumsimulia tangu mwanzo.